UZI: Dodo hakuwa mjinga. Tuzungumze visiwa vya volkano na viumbe wake

Mnandi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Juzi kwenye uzi mwingine kuna mdau aliandika kwamba dodo, yule ndege asiyeruka wa kisiwa cha Morisi, alitoweka kwa sababu alikuwa ndege mjinga, mnene, asiyejua hata kukimbia. Wengi wakaitikia. Nimeshindwa kuiacha ipite, kwa sababu kauli hiyo inafunika habari nzima ya visiwa vya mbali. Nitaandika kwa vipande, na mnaruhusiwa kuniuliza au kunipinga katikati.

Tuanzie chini kabisa, kwenye moto. Visiwa kama Galápagos, Hawaii, Morisi, Réunion, St Helena na Tristan da Cunha havijawahi kuungana na bara lolote. Lava ilirundikana juu ya lava kutoka sakafu ya bahari mpaka kilele kikatokeza juu ya maji. Kwa hiyo siku ya kwanza kisiwa ni mwamba mtupu, hakina hata jani. Kila kinachoishi pale leo, ama babu yake aliruka, ama alielea, ama alipeperushwa na upepo, ama alibebwa kwenye manyoya au tumbo la ndege.

Hili limeshuhudiwa kwa macho. Tarehe 14 Novemba 1963 wavuvi kusini mwa Iceland waliona moshi ukifuka kutoka baharini. Mlipuko ule ulikwenda mpaka Juni 1967, na kisiwa kilichozaliwa kikaitwa Surtsey. Kikafungwa mara moja: haruhusiwi kushuka mtu isipokuwa watafiti wachache kwa kibali. Mwaka 1965 ulionekana mmea wa kwanza wa ufukweni, wa aina ambayo mbegu zake huelea kwenye maji ya chumvi bila kufa. Baada ya hapo mambo yakawa ya kusuasua, maana mchanga wa volkano hauna rutuba. Katikati ya miaka ya 1980 shakwe wakaanza kuweka viota kwa wingi upande wa kusini. Kinyesi na mabaki ya samaki vikarutubisha ardhi, mbegu zikaja pamoja nao, na kipande kile kikawa kijani kibichi huku sehemu nyingine ya kisiwa ikibaki nyeusi tii.

Hapo hapo Surtsey uliota mnyanya. Watafiti walistaajabu, kumbe mgeni mmoja alijisaidia kwenye lava na mbegu zikatoka naye. Waling'oa wakaondoa kila kitu. Hicho ni kisiwa kinacholindwa kuliko karibu vyote duniani, na bado binadamu alipanda mboga bila kukusudia.

Sasa, bahari ni mlango mwembamba. Chura ni nadra sana kuvuka, chumvi inapita kwenye ngozi yake na kumuua. Ndiyo maana Galápagos haikuwa na chura hata mmoja wa asili. Wanyama wakubwa wanaonyonyesha hufa kwa kiu kabla hawajafika popote. Reptilia ndio wasafiri: ngozi yao haipotezi maji ovyo, na wanakaa muda mrefu bila kula. Desemba 2004 kobe mkubwa wa Aldabra, huko Shelisheli, alitoka baharini akitembea mwenyewe kwenye ufukwe wa Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam. Alikuwa amekonda sana, na miguu yake ya mbele ilikuwa imegandwa na wale viumbe wenye magamba wanaoota chini ya vyombo vya baharini. Ukubwa wa magamba ulionyesha kwamba alikuwa ameelea kwa wiki kadhaa. Kutoka Aldabra hadi pale ni kama kilomita 740. Aldabra yenyewe ni kisiwa cha matumbawe, lakini safari ni ile ile iliyowapeleka babu wa kobe wa Galápagos kutoka Amerika Kusini, umbali wa karibu kilomita 1,000.

Nikipata nafasi jioni nitaendelea na kilichotokea baada ya kufika.

Bint Karafuu

Asante sana mkuu, hii ya Kimbiji sikuwahi kuisikia. Ila nina swali. Kobe mmoja akifika kisiwani peke yake, kizazi kinatoka wapi? Si lazima wafike wawili, tena dume na jike, na tena wakutane?

Mnandi

Dada, swali zuri mno. Kobe jike ana uwezo wa kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miaka, akaendelea kutaga mayai yenye uhai bila kukutana na dume tena. Kwa hiyo jike mmoja aliyekwisha kupandwa anatosha kuanzisha kizazi. Kwa mimea, nyingi zilizofanikiwa visiwani zinaweza kujichavusha zenyewe. Na kwa ndege mara nyingi linakuja kundi zima lililopotezwa na dhoruba.

Wengi wanafika na kufa, hilo tusilisahau. Tunaowaona ni wale waliobahatika, na bahati hiyo inaweza kuchukua maelfu ya miaka kurudi tena.

mzee_wa_nanga

Nimesoma kwa makini ndugu yangu, na habari ya bahari naijua kidogo kwa sababu ya kazi. Mpaka hapo sina ubishi. Lakini najua unakoelekea, utasema ndege mmoja akageuka kuwa ndege wa aina kumi. Hayo ya mamilioni ya miaka nani aliyaona? Kitu ambacho hakijaonwa na mtu, mimi naona ni kukisia.

Mnandi

Mzee wangu, shikamoo, na nashukuru kwa kusema waziwazi. Nikujibu kwa kitu kilichoonwa, kikapimwa na kuandikwa.

Galápagos kuna kijisiwa kinaitwa Daphne Major. Ni kreta ya volkano iliyosimama baharini, hakina maji, hakina wakazi. Mwaka 1973 Peter na Rosemary Grant, wanasayansi mume na mke, walianza kazi pale juu ya finchi wa Darwin, ndege wadogo wanaofanana na chiriku. Kwa miaka iliyofuata waliwakamata karibu ndege wote wa kijisiwa kile mmoja mmoja, wakapima urefu, upana na unene wa mdomo, wakawavisha pete za rangi miguuni, wakafuatilia nani kazaa na nani.

Mwaka 1977 mvua ikakosekana. Finchi wa kati wa ardhini hupenda mbegu ndogo laini, na hizo zikaliwa zikaisha. Zilizobaki kwa wingi ni mbegu za mbigili. Mnaijua mbigili: kokwa ngumu yenye miiba, ukiikanyaga unasimama. Ili ndege apate kiini lazima ashike kokwa ile kwa mdomo, aibane pembeni na kuipasua. Mwenye mdomo mnene aliweza. Aliyepungukiwa nusu milimita alishindwa, akaiacha. Ukame ulipoisha, takriban asilimia 85 ya finchi wale walikuwa wamekufa, na waliobaki kwa wastani walikuwa na midomo minene zaidi. Walipozaa 1978, vifaranga walirithi: unene wa wastani wa mdomo ulikuwa umepanda kwa kama asilimia 4 ukilinganisha na kizazi cha kabla ya ukame.

Naomba tuelewane hapa, maana ndipo watu wengi wanapojikwaa. Hakuna ndege aliyejikunja akakuza mdomo wake. Kila mmoja alikufa au akaishi na mdomo aliozaliwa nao. Kilichobadilika ni kundi. Na mwaka 1983 El Niño ilipoleta mvua kubwa, kijisiwa kikajaa mbegu ndogo, na ukame uliofuata ukawapendelea wenye midomo midogo. Mwelekeo ukageuka, na watu wale wale wakiwa pale na vipimo vyao.

Kuna jingine. Mwaka 1981 dume mmoja wa finchi aina nyingine alitua Daphne akitokea kisiwa cha Española, zaidi ya kilomita 100. Akazaa na jike wa pale. Watoto na wajukuu wake wakawa na mwili mkubwa, mdomo wa umbo lao wenyewe na wimbo tofauti, na wakaoana wao kwa wao. Mwaka 2017 uchunguzi wa DNA ulithibitisha asili ya yule mgeni. Ukoo mpya umezaliwa mbele ya watu wenye daftari mkononi.

Sikulazimishi ukubali ya mamilioni ya miaka, mzee wangu. Nasema tu ya miaka kumi yameonwa.

mzee_wa_nanga

Marahaba. Hiyo ya mbigili nimeielewa, na umeieleza kwa haki. Endelea kijana, nasoma.

Mnandi

Ahsante mzee. Sasa nifike kwa dodo, ambaye ndiye sababu ya uzi.

Jina ninalotumia humu nimelichukua kwa ndege mmoja wa Galápagos, mnandi asiyeruka. Minandi wengine wote duniani wanaruka, huyu peke yake hawezi. Anaishi pwani za Fernandina na Isabela tu. Mabawa yake yamekuwa mafupi na machakavu ukiyatazama, ila miguu ina nguvu na anapiga mbizi kwa ustadi mkubwa kufuata pweza na mikunga.

Kwa nini aache kuruka? Kwa sababu kuruka ni gharama. Misuli ya kifua inayobeba ndege hewani ni mikubwa na inakula chakula kila siku, hata siku ambayo ndege hakuruka. Bara unalipa gharama hiyo kwa sababu kuna paka mwitu, nyoka na mbweha. Kisiwani ambako hakuna mnyama wa kukuvizia ardhini na samaki wako mita chache kutoka mlangoni, anayezaliwa na mabawa madogo kidogo anabakiza nguvu nyingi zaidi za kutaga na kulea. Miaka ikipita, mabawa yanakwisha. Jambo hili limetokea tena na tena, kwa ndege wasiohusiana kabisa. Kwenye Inaccessible Island, karibu na Tristan da Cunha, yuko ndege wa jamii ya kukuziwa ambaye ndiye mdogo kuliko ndege wote wasioruka waliopo leo. Uzito wake haufiki gramu 50, na anapita chini ya manyasi na mawe kama panya.

Kitu cha pili kinachokwisha ni woga. Woga nao ni gharama: kila unapokimbia kivuli unaacha chakula na unaacha mayai. Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza ambaye finchi wale wameitwa kwa jina lake, alipofika Galápagos Septemba 1835 aliandika kwamba alimsukuma mwewe kutoka kwenye tawi kwa mdomo wa bunduki. Mwewe! Pia alimshika iguana wa baharini mkiani, akamtupa majini, na yule iguana akaogelea moja kwa moja kurudi pale pale aliposimama Darwin. Akamtupa tena, akarudi tena. Darwin alifikiri vizuri juu yake: iguana hana adui nchi kavu, lakini baharini kuna papa, kwa hiyo kila akitishwa anakimbilia ufukweni. Iguana yule hakuwa na kasoro ya akili. Alikuwa anafuata kanuni iliyowaokoa wazazi wake wote, mpaka siku alipokuja kiumbe mwenye mikono.

Dodo alikuwa njiwa. Ndugu yake wa karibu aliye hai ni njiwa wa Nicobar, wa Kusini-Mashariki mwa Asia. Babu zake waliruka wakafika, wakakuta Morisi haina mnyama wa kuwala, wakawa wakubwa na kuacha mabawa. Alitaga chini, kwa sababu chini palikuwa salama. Waholanzi walishuka 1598. Watu wanadhani mabaharia walimla mpaka akaisha. Walimla kweli, lakini mabaharia wenyewe walikuwa wachache na msitu ulikuwa mkubwa. Walioingia kila kona ya msitu ni nguruwe, panya na nyani walioletwa na meli, na hao walifuata mayai na vifaranga. Wengi wanakubali kwamba mara ya mwisho dodo kuonwa ni 1662. Ni miaka 64 tangu Waholanzi washuke, baada ya kizazi chake kukaa pale kwa muda usioelezeka.

Kwa hiyo nikisikia "ndege mjinga" naumia. Hakuna kiumbe anayejiandaa kwa adui ambaye hajawahi kuwepo.

Fundi Saa

Mkuu, nakupa hongera ya uandishi. Ila mimi nina pingamizi la hoja. Umesema mwenyewe kila kitu kisiwani kililetwa: na upepo, na mkondo, na ndege. Basi panya aliyekuja na meli ana tofauti gani na kobe aliyekuja na mkondo? Wote wageni. Tukianza kumwita mmoja "wa asili" na mwingine "mvamizi", tunachagua tunaowapenda.

Mnandi

Fundi, hili ndilo pingamizi zito kuliko yote na ninalichukua kwa uzito huo.

Tofauti ya kwanza ni kasi. Hawaii kuna jamii ya chiriku wenye midomo ya kila namna: iliyopinda ya kufyonza maua, minene ya kupasua mbegu, ya kuchokonoa gome. Wote, zaidi ya aina 50, walitokana na kundi moja la chiriku lililofika kutoka Asia mamilioni ya miaka iliyopita. Kundi moja tu! Nafasi kati ya mgeni na mgeni ilikuwa ndefu kiasi kwamba wenyeji walipata muda wa kubadilika. Tangu meli zianze kutia nanga, wageni wamekuwa wakishuka mwaka hadi mwaka, na kizazi cha ndege hakiwezi kwenda mwendo huo.

Tofauti ya pili ni nani anapita mlangoni. Bahari ilichuja: iliruhusu mjusi, ikakataa mbuzi. Meli haichuji. Imeleta hasa wale ambao bahari isingewapitisha kamwe, yaani mbuzi, nguruwe, paka, panya. Chukua Pinta, Galápagos. Mwaka 1959 wavuvi waliacha mbuzi watatu pale, dume mmoja na majike wawili, ili wawe kitoweo siku za usoni. Baada ya miaka kumi na kitu walikuwa makumi ya maelfu. Wakala kisiwa kikabaki mifupa. Novemba 1971 mtafiti wa konokono, József Vágvölgyi kutoka Hungaria, akamwona kobe dume akitembea peke yake, wakati ambapo watu waliamini kobe wa Pinta wamekwisha. Huyo ndiye aliyekuja kuitwa Lonesome George. Akatafutiwa mwenzi wa aina yake miaka na miaka, hakupatikana. Alikufa tarehe 24 Juni 2012, na aina yake ikaisha siku hiyo. Na mbuzi hawakuanza hilo shambulio: kabla yao wavua nyangumi walikuwa wamebeba kobe wengi mno melini kama nyama isiyooza, kwa sababu kobe hukaa miezi hai bila chakula wala maji. Uwezo ule ule uliomvusha bahari ndio uliomfanya awe akiba ya mabaharia.

Kobe wa mkondo anafika, anazoeana na kisiwa, na baada ya muda panakuwa na aina mpya ya kobe duniani. Mbuzi wa meli anafika, na dunia inabaki na mbuzi, ambao tayari wapo kila mahali, pungufu kobe. Mimi tofauti hiyo naiona kubwa.

Kijukuu

Nakaa mkao wa kusoma hapa. Mkuu, nimesikia walitumia helikopta kuua mbuzi Galápagos. Ni kweli? Na je, ni haki? Mbuzi hawakuomba kupelekwa.

Mnandi

Ni kweli. Mradi wa Isabela uliendeshwa kuanzia 1997 mpaka 2006, kwenye kisiwa cha Santiago na kaskazini mwa Isabela. Zaidi ya mbuzi laki moja waliuawa, wengi kwa kupigwa risasi kutoka kwenye helikopta. Wachache wa mwisho ndio waliokuwa wagumu, kwa sababu walijifunza kujificha mapangoni. Ikatumika mbinu ya kumvisha mbuzi kola yenye redio na kumwachia. Mbuzi hapendi upweke, anatafuta wenzake mpaka awapate, na wawindaji wanamfuata. Wanamwacha yeye, anatafuta wengine.

Kuandika haya hakunifurahishi, Kijukuu. Ni kumtumia mnyama tabia yake nzuri ili kuwamaliza ndugu zake. Lakini nauliza mbadala ni upi. Kuwahamisha wote kwenye eneo la mawe makali ya lava lisilo na barabara haikuwezekana, na kila mwaka wa kusubiri mbuzi walizaliana na uoto ukapungua. Kutoamua nako ni kuamua, ila wanaolipa ni kobe. Baada ya mbuzi kuondoka mimea ilirudi kwa kasi iliyowashangaza hata waliopanga mradi.

Kisiwa cha Española walibaki kobe 14 tu, majike 12 na madume 2. Wakakusanywa, wakaongezwa dume mmoja aliyekuwa bustani ya wanyama ya San Diego, anayeitwa Diego, wakazalishwa kwa miongo kadhaa. Vizazi vyao vinavyoishi porini sasa vinazidi elfu moja, na mwaka 2020 wale wazee 15 wenyewe walirudishwa kisiwani. Bila kuondoa mbuzi kwanza, wangerudishwa wale nini?

Fundi Saa

Kwenye kasi umenishawishi. Kwenye risasi bado. Nadhani tungeweza kukubali kwamba lilikuwa la lazima na bado tukaliita baya. Nabaki hapo.

Mnandi

Baki hapo Fundi, ni mahali pa heshima. Sidhani tuko mbali.

Bint Karafuu

Jamani mnazungumza Pasifiki na Atlantiki, na hapa jirani kuna Komoro. Ngazidja ndicho kisiwa changa na volkano yake, Karthala, bado iko hai. Maore ndicho kizee. Kwenye miteremko ya Karthala kuna bundi mdogo asiyepatikana popote pengine duniani, na Nzwani nako kuna wake, ambaye watafiti walimpata tena 1992 baada ya kudhaniwa ametoweka.

Lakini ninayempenda mimi ni popo wa Livingstone. Ni popo mweusi mkubwa, mabawa yakifunguliwa yanakaribia mita 1.4, masikio ya duara. Anaishi Nzwani na Mwali tu, na wote wamebaki kama elfu moja na kidogo. Hulala mchana akining'inia kwenye miti mirefu ya mabonde yenye mteremko mkali, upande unaopata baridi na unyevu. Kwake yeye adui mkubwa ni kukatwa miti kuliko panya. Nzwani ina watu wengi na ardhi ndogo, watu wanalima mpaka juu. Kisha mafuta ya mlangilangi yanachemshwa kwa kuni, tena kuni nyingi sana. Na mito mingi ya Nzwani ambayo zamani ilitiririka mwaka mzima sasa ni ya msimu, kwa hiyo anayeumia si popo peke yake.

Ninachotaka kusema, mkuu, ni kwamba kisiwa kisicho na watu unaweza kukifunga kama Surtsey. Nzwani huwezi. Ukimwambia mama asikate kuni lazima umwambie apikie nini.

Mnandi

Dada, umeongeza kitu ambacho mimi nilikipita. Na nikubaliane nawe moja kwa moja: popo yule ndiye anayesambaza mbegu za miti ya msitu ule ule unaoshika maji. Wakulima wakisaidiwa kupata majiko yanayotumia kuni chache na miche ya miti kwenye mashamba yao, popo na mto wanapona pamoja. Wakifukuzwa tu kwa nguvu, hawaponi wote.

Kijukuu

Swali jingine mkuu. Si wangepeleka tu mnyama wa kuwala hao panya? Paka, nguchiro, chochote.

Mnandi

Walifanya hivyo, Kijukuu, na hapo ndipo palipoharibika zaidi. Mwaka 1883 wenye mashamba ya miwa Hawaii waliagiza nguchiro kutoka Jamaika wamalize panya. Panya hutembea usiku, nguchiro mchana. Hawakukutana sana. Nguchiro akakutana na mayai ya ndege wanaotaga chini.

Kisa cha konokono kinasikitisha zaidi. Yule konokono mkubwa wa mashambani, asili yake Afrika Mashariki, alipelekwa Hawaii miaka ya 1930 akawa mharibifu wa bustani. Mwaka 1955 serikali ikaleta konokono mla konokono kutoka Florida ili amshughulikie. Yule mgeni hufuata ute wa mwenzake kama njia, na njia alizopenda kufuata ni za konokono wadogo wa mitini wa Oahu, kimoja cha visiwa vya Hawaii, wenye makombe yenye rangi na mistari, ambao huzaa polepole, mtoto mmoja mmoja. Aina nyingi zimetoweka kabisa. Wa mwisho wa aina moja, naye alipewa jina George, alifia maabara tarehe 1 Januari 2019. Konokono wetu mkubwa bado yupo Hawaii.

mzee_wa_nanga

Sisi wa melini panya tunamjua. Kamba ya nanga inamtosha kushuka. Zipo sehemu tunalazimishwa kuweka sahani za bati kwenye kamba ili asipite, na vijana wengi huona ni usumbufu.

Mnandi

Mzee, waambie vijana wako habari ya meli ya Makambo. Juni 1918 ilikwama Lord Howe, kisiwa cha volkano mashariki mwa Australia, panya wakashuka. Ndani ya miaka michache aina tano za ndege wasiopatikana kwingine zikatoweka, na pamoja nao mdudu mkubwa mweusi anayefanana na kijiti, urefu wa kiganja, asiye na mabawa. Wavuvi walikuwa wakimtumia kama chambo, alivyokuwa mwingi. Akahesabiwa kuwa amekwisha.

Kilomita kama 20 kutoka pale kuna jabali linaitwa Ball's Pyramid, mabaki ya volkano, limechongoka likapanda zaidi ya mita 500 juu ya maji. Wapanda miamba waliwahi kuokota mizoga ya wadudu wale miaka ya 1960. Mwaka 2001 watafiti David Priddel na Nicholas Carlile walipanda na wenzao, mchana wakaona kinyesi kibichi chini ya kichaka kimoja kilichoota kwenye ufa. Mdudu huyo hutoka usiku, kwa hiyo wakapanda tena gizani na tochi. Wakawakuta, 24, kwenye kichaka kile. Jamii nzima ya dunia ilikuwa pale. Mwaka 2003 wakachukuliwa jozi mbili, moja ikapelekwa bustani ya wanyama ya Melbourne, na leo wako maelfu wa kufugwa. Mwaka 2019 Lord Howe ikasambaza sumu ya panya kisiwa kizima, baada ya kuwakamata kwanza ndege wa asili na kuwafungia mahali salama. Ndege wale walipoachiwa wameongezeka kwa wingi. Mdudu akirudi nyumbani, nitafungua uzi mwingine kwa furaha.

Fundi Saa

Je, kuna mahali walijaribu wakashindwa? Maana nasikia ushindi tu.

Mnandi

Papo. Gough, kusini mwa Atlantiki. Panya wadogo wa nyumbani walifika na meli karne ya 19, wakakua mpaka kuwa wakubwa kwa karibu nusu zaidi ya wenzao wa kwingine, nao wakajifunza kula vifaranga vya albatrosi, ndege wakubwa wa baharini, wakiwa hai, usiku, kwenye kiota. Kifaranga ana kilo kadhaa, panya ana gramu 35 hivi, na kifaranga hajitetei kwa sababu hakuna kitu ndani yake kinachomwambia kwamba hili ni shambulio. Mwaka 2021 ilimwagwa sumu kwa helikopta kisiwa kizima, kazi ya maandalizi ya miaka mingi. Desemba ile ile panya akaonekana. Wakipona wachache, wanarudi wote, na vifaranga wanaendelea kuliwa. Wahusika wamekuwa wakichambua wapi sumu haikufika au haikuliwa kabla ya kujaribu tena.

Na Hawaii vita ni ya mbu. Mbu wa kwanza alifika na meli 1826, kisha ikaja malaria ya ndege, na chiriku wale wa milioni za miaka hawakuwa na kinga. Waliosalia wamekimbilia milima ya juu ambako baridi ilimzuia mbu, ila joto la dunia linampandisha mbu juu na mlima una mwisho. Oktoba 2023 Marekani ilitangaza rasmi aina 21 kuwa zimetoweka, na nane kati yake ni ndege wa misitu ya Hawaii, wengi wao chiriku hao. Tangu mwishoni mwa mwaka huo, kwenye kisiwa cha Maui, Hawaii, wanaachia mbu madume waliowekewa bakteria aina ya Wolbachia. Dume hang'ati. Akimpanda jike wa porini, mayai hayaanguliwi. Wanaangushwa msituni kwa helikopta, na sasa kwa droni pia, kwenye vifuko vinavyooza, na kazi inarudiwa kila wiki kwa sababu ukiacha wiki chache mbu wa porini wanajaza pengo.

Kijukuu

Na ndege wenyewe wamebaki wangapi huko Maui?

Mnandi

Aina iliyo hatarini zaidi pale inaitwa kiwikiu. Hawafiki mia mbili.